Tuko Ghorofa ya Ngapi? Jeni, Kumbukumbu za Wazee na Lugha ya Kuzipimia

Kiangazi kilichopita bibi yangu wa Nyakabere alipimwa akili bila kutarajia. Alikuwa amekwenda kupimwa tansio tu. Kijana mmoja mwenye koti jeupe, aliyekuwa akitafuta wazee wa kujaza karatasi za kazi yake ya mwisho wa masomo, alimwomba ruhusa ya kumuuliza maswali machache kuhusu kumbukumbu. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, na kijana akawa anaitafsiri papo hapo kwa Kiswahili chetu cha Uvira. Mimi nilikaa kando, nimeshika kikapu.

“Bibi, tuko etaji ya ngapi?”

Bibi akanitazama mimi kwanza, kisha akatazama juu kwenye mabati, kisha chini kwenye simenti. Hakujibu. Tuko jimbo gani? Akasema Kivu. Kosa, kwa sababu karatasi inataka Kivu ya Kusini. Lakini bibi alizaliwa, akaolewa na akazaa watoto wake wote wakati Kivu ilikuwa moja, kabla haijagawanywa mwaka 1988. Halafu akaambiwa ataje herufi za neno la Kifaransa MONDE akianzia mwisho. Bibi hakusoma. Ilipofika tamati alikuwa na alama 14 juu ya 30, na kijana, bila ubaya wowote, akatueleza kwamba kwa kawaida chini ya 24 huhesabiwa kuwa dalili ya akili kuanza kupungua.

Jioni mjomba alikuwa na maelezo tayari. “Ni damu ya kwao. Mama yake naye alisahau.” Maneno hayo yalinitia hofu kuliko zile alama. Binti mmoja wa nyumba yetu anaposwa, na wakwe huuliza magonjwa ya ukoo. Zaidi ya hayo, katika vijiji vyetu mwanamke mzee anayepotea njia usiku haitwi mgonjwa, anaitwa mchawi, na wote tunajua kinachoweza kufuata baada ya jina hilo. Bibi huyohuyo ndiye anayeshika likelemba ya wanawake wauza ndagala: anajua nani ametoa, nani amekwisha kula, nani anadaiwa, na hana daftari.

Basi nikaenda kusoma. Mimi si daktari wala mtaalamu wa jeni, ni mwanafunzi wa lugha za Kiafrika kama wasomaji wengi wa jarida hili. Nilitaka kujua mambo mawili: uwezo wa akili wa mzee mwenye afya unatoka katika urithi kwa kiasi gani, na je, kile kinachopimwa ndiyo akili yenyewe? La kwanza ni la wanabiolojia, nitalieleza kadiri nilivyolielewa. La pili nimegundua ni la fakulte yetu.

Mapacha na mitumbwi

Njia ya zamani ya kupima urithi ni kuwachunguza mapacha. Pande zetu Bukuru na Butoyi hawahitaji kujitambulisha, majina yanasema. Lakini kuna mapacha wa aina mbili. Wa yai moja wana jeni zilezile. Wa mayai mawili wanashirikiana, kwa wastani, nusu ya zile jeni zinazotofautiana kati ya watu, sawa na ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Aina zote mbili hukulia nyumba moja na kula chungu kimoja. Kwa hiyo, ikiwa alama za mapacha wa yai moja zinakaribiana kuliko za wale wa mayai mawili, ziada hiyo ya kufanana huhesabiwa kuwa kazi ya jeni.

Mwaka 1997 Gerald McClearn na wenzake walichapisha matokeo ya jozi 240 za mapacha wa Sweden waliokuwa na miaka 80 na zaidi, waliochaguliwa kwa sababu hawakuwa na upungufu mkubwa wa akili wala wa viungo. Walikadiria kuwa jeni zinaeleza asilimia 62 ya tofauti za uwezo wa jumla wa akili kati yao. Wengi hawakutegemea hivyo. Ungedhani kwamba baada ya miaka 80 ya maisha, magonjwa, kazi na misiba ingekuwa imefuta alama ya kuzaliwa; kumbe ilikuwa bado kubwa.

Hapa mjomba angepiga makofi. Lakini asilimia 62 ya nini? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata waliosoma. Fikiria mitumbwi ishirini inayotoka Kalundu usiku kuvua ndagala. Ikiwa yote ina taa za aina moja na nyavu za aina moja, tofauti ya mavuno asubuhi itatokana karibu yote na ustadi wa wavuvi. Mwaka unaofuata nusu ya mitumbwi inanunua taa kali zaidi. Wavuvi ni walewale, na ustadi wao haujabadilika hata kidogo, lakini sasa taa zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti na ile asilimia ya ustadi inashuka. Kiwango cha urithi ni asilimia ya namna hiyo. Kinaeleza tofauti ndani ya kundi fulani, mahali fulani, wakati fulani. Hakisemi kwamba asilimia 62 ya kumbukumbu ya bibi imetoka kwa mama yake na asilimia 38 sokoni.

Mapacha wale wa Sweden walikulia katika nchi ambayo shule ilikuwa ya kila mtoto. Taa zao zilikuwa karibu sawa. Katika kizazi cha bibi yangu, dada mmoja alipelekwa misheni, mwingine akabaki nyumbani kubeba watoto. Ile 62 ni namba ya Sweden. Huku kwetu hakuna aliyeihesabu, na akiihesabu huenda ikawa tofauti kabisa.

Uskochi kuna jambo la kuvutia zaidi. Huko, siku moja ya Juni 1932, karibu watoto wote wa shule waliozaliwa mwaka 1921 walifanya mtihani mmoja wa akili. Mwaka 1947 wakafanya waliozaliwa 1936. Miongo mingi baadaye Ian Deary na wenzake waliwatafuta wazee hao na kuwapima tena. Wakaweza kuuliza swali ambalo mapacha wa miaka 80 hawawezi kulijibu: si nani ana akili zaidi uzeeni, bali nani amebadilika tangu utoto. Mwaka 2012, wakitumia jeni za watu 1,940 wasio ndugu, walikadiria kwamba jeni zinaeleza kama asilimia 24 ya tofauti katika mabadiliko hayo, na wao wenyewe wakaonya kwamba kipimo hicho hakina uhakika mkubwa. Sehemu kubwa iliyobaki ni maisha.

Tofauti ya herufi mbili

Mjomba anaposema damu, anafikiria kitu kimoja kinachopita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Katika jeni kwa kweli kuna moja inayotajwa kuliko zote kwenye suala hili, nayo inaitwa APOE. Iko kwenye kromosomu ya 19, na kazi yake ni kutengeneza protini inayobeba mafuta, pamoja na kolesteroli, mwilini na kwenye ubongo. Protini hiyo ni mnyororo wa vijenzi 299, na ina aina tatu kuu, e2, e3 na e4, zinazotofautiana katika nafasi mbili tu, ya 112 na ya 158. Mwanafunzi wa fonolojia ataelewa mara moja: ni jozi mlinganuo finyu, kama pata na bata. Aina hizo za jeni moja huitwa aleli, neno lenye mzizi uleule wa Kigiriki tunaoukuta katika alofoni. Tofauti ni kwamba alofoni haibadilishi maana ya neno, lakini aleli inaweza kubadilisha mengi.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja kwa baba, moja kwa mama. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba wenye e4 hupata ugonjwa wa Alzheimer kwa wingi zaidi na mapema zaidi, hasa wenye e4 mbili. Huo ni ugonjwa. Je, kwa wazee wenye afya? Mwaka 2011 yalichapishwa majumuisho ya tafiti 77, yenye watu zaidi ya 40,000 wasio wagonjwa. Wenye e4 walikuwa nyuma kidogo katika kukumbuka matukio na orodha, na katika kupanga na kuamua mambo. Katika uwezo wa lugha tofauti haikuonekana. Na hiyo “kidogo” ni kidogo kweli: ukiwaweka wazee wawili mbele yako huwezi kujua kwa alama zao nani ana e4.

Mbali na APOE, jeni nyingine ni za kutafuta kwa darubini. Mwaka 2015 timu kubwa iliyoongozwa na Gail Davies ilikusanya watu 53,949 wa miaka 45 na zaidi, kutoka makundi 31, wote wenye asili ya Ulaya. Walipata sehemu tatu tu za vinasaba zenye uhusiano wa wazi na uwezo wa jumla wa akili, moja ikiwa ile ya APOE. Lakini tofauti zote za kawaida za vinasaba zikijumlishwa zilieleza karibu asilimia 28 au 29. Yaani hakuna “jeni ya akili”, kuna maelfu ya vitu vidogo, kila kimoja kikivuta nywele moja. Sisi wanaisimu tuliwahi kushangilia FOXP2 ya mwaka 2001 kama “jeni ya lugha”, na tulijifunza kunyamaza.

Kumbuka pia ile sentensi, wote wenye asili ya Ulaya. Giorgio Sirugo, Scott Williams na Sarah Tishkoff walihesabu mwaka 2019 kwamba kati ya watu walioingizwa katika utafiti wa namna hii duniani, asilimia 78 walikuwa wa asili ya Ulaya na asilimia 2 tu wa Afrika. Ingekuwa katika isimu, ingekuwa kama kuandika sarufi ya lugha zote kwa kusikiliza Kifaransa.

e4 ikija Afrika

Hapa habari inageuka. Kwanza, e4 si kitu kigeni kwetu. Ndiyo aina ya kale kuliko zote tatu, na hupatikana kwa wingi zaidi karibu na ikweta: kwa mujibu wa majumuisho ya Corbo na Scacchi ya mwaka 1999, kati ya Mbilikimo wa Afrika ya Kati ilikuwa kama asilimia 41 ya nakala zote za jeni hiyo, na kati ya Wakhoisan asilimia 37, wakati Sardinia, Italia, ilikuwa asilimia 5. Kama e4 peke yake ingekuwa hukumu, wazee wa misitu ya Kongo wangekuwa wa kwanza kusahau.

Sivyo ilivyoonekana. Huko Ibadan, Nigeria, Hugh Hendrie na wenzake waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba kwa miaka mingi sambamba na wazee Wamarekani weusi wa Indianapolis. Mwaka 2001 waliripoti kwamba kila mwaka visa vipya vya ugonjwa wa kusahau vilikuwa asilimia 1.35 kule Ibadan na asilimia 3.24 kule Indianapolis. Kwa Wayoruba, uhusiano wa e4 na Alzheimer haukuonekana kwa miaka mingi. Data zilipoongezeka ukaonekana kwa wale tu wenye e4 mbili. Nyeri, Kenya, kati ya wazee wa Kikuyu, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nao ulikuta e4 kwa wingi na haukuona uhusiano huo.

Kwa nini? Maelezo mawili yananiridhisha, na hayapingani. La kwanza ni la ndani ya vinasaba: Farid Rajabli na wenzake, mwaka 2018, waliwachunguza Wamarekani weusi na watu wa Puerto Rico, ambao vinasaba vyao ni mchanganyiko, wakaona kwamba e4 iliyozungukwa na kipande cha asili ya Afrika ina hatari ndogo kuliko e4 iliyozungukwa na kipande cha asili ya Ulaya. Aleli ileile, muktadha tofauti. Tunafundisha jambo hili kila wiki katika kozi ya semantiki.

La pili ni la maisha. Huko Fortaleza, Brazil, watafiti waliona kwamba miongoni mwa watoto wanaoharisha mara kwa mara, wenye e4 walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya majaribio ya akili. Na kati ya Watsimane wa misitu ya Bolivia, Benjamin Trumble na wenzake waliandika mwaka 2017 kwamba wazee wenye e4 na minyoo mingi hawakuwa nyuma, pengine walikuwa mbele kidogo. Aleli inayodhuru mahali safi huenda ikasaidia mahali penye vijidudu. Naishi Uvira, mji ambao kipindupindu kinarudi mwaka hadi mwaka, na nilipousoma utafiti huo niliuweka chini nikatoka nje kidogo.

Kwa hiyo kama bibi angepimwa jeni na kukutwa na e4 moja, tusingejua la kumwambia mjomba, na si kwa sababu ya ujinga wetu tu. Maana ya e4 huko Nyakabere haiwezi kukopwa kutoka Edinburgh.

Jeni ya vijiti

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Mwaka 2000 Dean Hamer na Lev Sirota waliandika kisa cha kubuni. Mtafiti anatafuta jeni inayowafanya watu kula kwa vijiti. Anapima wanafunzi, anapata aleli inayowatofautisha vizuri kabisa wanaotumia vijiti na wasiotumia, anafurahi. Kumbe aleli hiyo ipo zaidi kwa watu wa asili ya Asia, na vijiti ni desturi tu. Jeni ile haigusi mikono hata kidogo.

Hamishia kisa hicho hapa Uvira. Majaribio mengi ya kumbukumbu humtaka mtu arudie tarakimu alizosikia. Sisi tuna namna mbili za kuhesabu. Kwa Kiswahili, kuanzia moja hadi tisa, kila tarakimu ina silabi mbili, hata nne. Kwa Kifaransa kila moja ina silabi moja. Tangu Baddeley na wenzake, mwaka 1975, inajulikana kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba kadiri ya maneno unayoweza kuyatamka ndani ya sekunde mbili hivi. Na huko Wales, Ellis na Hennelly walionyesha mwaka 1980 kwamba watu wenye lugha mbili hukumbuka tarakimu chache kwa Kiwelshi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu majina ya tarakimu za Kiwelshi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Hawakuwa na bongo mbili. Basi mzee wa mjini aliyesoma, anayetaja namba ya simu kwa Kifaransa, atampita mzee wa Nyakabere anayeitaja kwa Kiswahili, kabla jeni haijaulizwa neno. Na kwa kuwa watu huoana na kukaa kwa koo, aleli nazo hukaa kwa koo. Mtafiti asiyejua isimu ataona aleli fulani inakwenda pamoja na alama ndogo, naye ataandika makala. Atakuwa amegundua jeni ya kuhesabu kwa Kiswahili.

Mifano ni mingi. Katika orodha moja maarufu ya maneno kumi ya kukumbuka, iliyotoka Marekani miaka ya 1980, kuna siagi, malkia na injini. Siagi! Mzee wetu anaijua kwa jina la chapa kwenye kopo, si kwa neno la kamusi. Ukitafuta maneno mbadala, unakutana na ngeli: ukichagua kitanda, kilima, kikapu na kisima, umeweka maneno yanayoanza kwa sauti moja, na tangu Conrad, mwaka 1964, tunajua kwamba vitu vyenye sauti zinazofanana huchanganyikana katika kumbukumbu ya muda mfupi. Lugha yenye ngeli za majina inahitaji orodha iliyosawazishwa kwa ngeli. Hilo daktari hawezi kuliona. Mwanafunzi wa mwaka wa pili katika fakulte yetu analiona.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwa masista wa Marekani. David Snowdon, akisaidiana na Susan Kemper, mtaalamu wa lugha na uzee, alichukua tawasifu fupi ambazo masista 93 waliziandika wakiwa na miaka 22 kwa wastani, akahesabu ni mawazo mangapi yamo katika kila maneno kumi. Kiasi cha miaka 58 baadaye, wale ambao maandishi yao ya ujana yalikuwa na mawazo machache ndio waliopata alama ndogo zaidi za akili. Makala yalitoka mwaka 1996 na bado yanashangaza. Yalitokana na jeni au na malezi? Tawasifu haziwezi kusema. Lakini jaribu kuhesabu hivyo kwa Kiswahili. Wafaransa wanasema “nous ne leur avons pas écrit”, maneno sita. Sisi tunasema “hatukuwaandikia”, neno moja lenye mofimu saba. Kwa hesabu ya Snowdon bibi zetu wote wangekuwa na akili za ajabu. Itabidi tuhesabu kwa kishazi au kwa mofimu, na hakuna atakayetufanyia hesabu hiyo.

Kuna walioanza kazi. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwachunguza wazee zaidi ya 1,100 wenye miaka 70 na zaidi, wakakadiria mwaka 2013 kwamba asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kusahau. Kutokana na kazi hiyo wakatengeneza jaribio fupi lisilohitaji kalamu: mzee anapanga njiti za kibiriti badala ya kuchora, anataja wanyama kwa dakika moja, anaeleza daraja ni nini. Ni jaribio zuri. Lakini hata hilo haliwezi kuvuka ziwa bila visa. Kwetu neno ni kilalo, na huko huko Tanzania daraja ni pia cheo. Kinshasa, Jean Ikanga, Mkongo anayefanya kazi pia katika Chuo Kikuu cha Emory, ametengeneza na wenzake majaribio yanayotumia mambo ya maisha ya Kiafrika. Kati ya Kinshasa na Hai kuna sisi, na Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kirundi na Kiswahili chetu.

Wingi huo wa lugha wenyewe ni swali. Huko Hyderabad, India, Suvarna Alladi na wenzake waliwachunguza wagonjwa 648 wa kusahau, wakaona mwaka 2013 kwamba wenye lugha mbili au zaidi walianza kuugua miaka 4.5 baadaye kuliko wenye lugha moja, hata miongoni mwa wasiojua kusoma. Huko New York, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wahamiaji 1,067 wanaozungumza Kihispania na haukuona faida hiyo. Mimi sina upande. Nasema tu kwamba kumpata mzee wa lugha moja hapa Uvira, ili tumlinganishe na wengine, kungekuwa kazi kuliko kupima jeni.

Na mjomba? Nimejaribu kumweleza, na kikwazo kilikuwa kitenzi. Kwetu mtu anarithi shamba, anarithi jina, zamani alirithi hata mjane: kinachorithiwa hupita kizima, kikamfikia mmoja, hakirudi nyuma. Ukisema “kumbukumbu hurithiwa”, anasikia kwamba kusahau kumegawiwa na bibi amepewa fungu lake. Nikaacha “kurithi”, nikatumia “mwelekeo”, kama mteremko wa shamba: maji yatapenda kwenda huko, lakini mfereji unaweza kuyageuza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba mama yake bibi alianza kusahau baada ya kuanguka kisimani. Hilo hakuna aliyewahi kulitaja.

Kijana wa koti jeupe nilirudi kwake. Ni msikivu, tuliketi na karatasi yake siku mbili. Ghorofa tuliifuta, tukaweka jina la mwami. MONDE tukaiondoa, tukaweka siku za juma kutoka mwisho hadi mwanzo. Halafu tukarudi kwa bibi, safari hii nikiuliza mimi, kwa Kifuliiru. Wanyama alitaja kwa kusitasita, kwa sababu, alisema, siku hizi wako wapi? Nikabadilisha, nikamwomba samaki. Ndagala, mukeke, sangala, kuhe, akaendelea mpaka kijana akasahau kutazama saa. Tulikwama mahali pamoja tu. Katika wanyama alitaja mbuzi kwa Kifuliiru, na baada ya wengine wawili watatu akamtaja tena kwa Kiswahili. Kijana aliandika mbili, kwa sababu ni maneno mawili. Mimi niliandika moja, kwa sababu ni mbuzi mmoja. Hadi ninapoandika haya hatujakubaliana.